Mama Mkwe Alipozungumza na Lori

Tangu nirudishe funguo za lori la mwisho, mke wangu Georgette amenikuta mara nyingi nimekaa sebuleni nikitazama kioo cha kabati, kana kwamba kuna mtu nyuma anataka kunipita. Kwa hiyo vijana wa garaji hapa Bunia mliponiomba niandike kidogo juu ya kazi, yeye ndiye aliyeniletea kalamu. Nadhani alitaka nipate kitu kingine cha kutazama. Naandika basi. Lakini msitegemee kusoma nani alipandishwa cheo na nani alipewa lori jipya. Wanaojua wanajua, na wasiojua wanalala vizuri.

Siku yangu ya kwanza sikugusa usukani. Mwalimu wangu alikuwa Muzee Ngabu, mtu mfupi, mwenye shingo nene na maneno machache, ambaye alikuwa ameendesha malori tangu barabara ya Kisangani ilipokuwa bado inaitwa barabara. Alinilaza chini ya injini na kuniambia nitaje kila kinachodondoka. Tone la kwanza lilianguka kwenye paji la uso. Nikasema ni mafuta. Akauliza mafuta gani. Nikasema sijui. Akasema: «Onja.» Nilionja mafuta ya injini, nikaonja maji ya rejeta, nikaonja mafuta ya breki, ambayo siwashauri. Jioni nilikula ugali na sombe bila kujua ladha yake, lakini hadi leo ukinipa kidole kilichochovywa gizani nitakuambia gari lako linaumwa nini.

Muzee Ngabu alikuwa na imani katika vitu viwili. Cha kwanza ni kale, kile kipande cha mti cha kuzuia gurudumu. Yeye hakuteremka kwenye kabini hata kwenda kukojoa bila kuweka kale, hata mahali tambarare kama meza. Cha pili ni chuma cha kuvutia gari. Ninyi leo mnavuta gari kwa kamba, halafu mnashangaa la nyuma likija kuwabusu kwenye mteremko. Kamba inavuta tu. Chuma kinavuta na kinazuia. Ubaya wake ni mmoja: ukishafunga chuma kati ya malori mawili, huwezi tena kurudi nyuma. Unakwenda mbele au unakaa. Kumbukeni hilo, maana tembo wanakuja.

Safari ninayotaka kuwasimulia ilifanyika baada ya vita, wakati Bunia ilikuwa inajengwa upya na kila mfanyabiashara alikuwa anatafuta lori. Tajiri wetu alinunua mawili ya mitumba kule Afrika Kusini, akatutuma mimi na Muzee Ngabu tuyachukue bandarini Durban na kuyaleta nyumbani kwa barabara, yakiwa yamepakiwa vipuri vya mashine za kusaga. Viza za makonvoya, yaani mataniboi wetu, zilikataliwa, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, kila mtu na lori lake.

Nilikuwa na sababu yangu ya kufurahia safari ile. Nilikuwa nampenda Georgette, mwalimu wa shule ya msingi, na yeye alikuwa ananipenda, lakini mama yake alikuwa amekataa. Alikataa kwa simu, kutoka Johannesburg, ambako alikimbilia kwa mtoto wake wa kiume wakati wa vita. Hakuwa amenijua. Alijua kazi yangu, na hiyo ilimtosha. Mume wake mwenyewe alikuwa dereva. Siku moja alipeleka mzigo Kisangani, akaoa huko, akasahau njia ya kurudi. Tangu hapo mama alikuwa na msemo wake: «Shofere anakuwaka na bibi kila pahali motokari yake inazimika.» Na wazee wa familia walikuwa wamesema wazi: bila neno la mama, hakuna ndoa. Sasa vita vimekwisha, mama anataka kurudi kwake, na ndege hataki kuisikia. Kaka wa Georgette akaniomba tumpakie.

Jina la mama huyo sitaliandika. Kwetu mtu hataji ovyo jina la mama mkwe wake, hata wa kutarajia, naye halitaji la mkwe. Nitamwita Mama Georgette. Pia wewe na mama mkwe hamkai pamoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Wazee walisema anayevunja heshima hiyo mikono yake itatetemeka. Kwa mkulima huo ni ugonjwa. Kwa dereva ni kufukuzwa kazi. Kwa hiyo Johannesburg mambo yalikuwa rahisi: Mama Georgette alipanda lori la Muzee Ngabu, mimi nikafuata nyuma nikitazama turubai lake tu, na nikajifunza kuendesha upande wa kushoto wa barabara kama wenye nchi.

Tuliingia Botswana vizuri. Huko wana ua mrefu unaokata nchi ili ugonjwa wa ng'ombe usivuke. Kwenye kituo cha ukaguzi kila mtu anateremka, anakanyaga dawa kwa viatu vyake, na ukiwa na nyama mbichi unaiacha. Mimi nilinung'unika. Mama Georgette, ambaye amekulia kati ya ng'ombe kule Irumu, alikanyaga ile dawa polepole, akarudia tena bila kuambiwa. Nilimsikia akimwambia Muzee: «Huku ngombe iko na serikali yake. Siye watu, yetu iko wapi?» Muzee alicheka mpaka akakosa ngazi ya kabini.

Baada ya Nata, katika ile nyika isiyo na mwisho, ambreyaji ya Muzee ilikatika. Klachi, kama mnavyosema sasa. Kipuri kilikuwa ng'ambo ya Zambezi. Tukatoa chuma, tukafunga lori lake nyuma ya langu. Hapo ndipo askari wa barabarani mmoja aliposimamisha pikipiki yake, akatazama kila kitu kwa utaratibu, akasema hakuna abiria katika gari linalovutwa. Muzee alijaribu Kiswahili, Lingala, Kifaransa na kicheko. Askari alionyesha kidole kabini yangu.

Tulisimama wote watatu kando ya barabara. Halafu Mama Georgette akafungua mfuko wake, akatoa kitenge, akapanda upande wa kushoto, akajaribu kukitundika kati ya kiti chake na changu. Nikalazimika kumwambia Muzee amwambie mama kwamba kitenge kinafunika kioo cha pembeni, na ninavuta lori jingine nyuma. Muzee akamwambia. Mama alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu, anasikia kila neno. Mama akashusha kitenge, akajifunika nacho kichwa mpaka kiunoni, akageukia dirisha. Muzee akanitazama.

«Bosco,» akanong'ona, «weye iko na beba mukwe ao iko na beba balo ya nguo?»

Sasa tatizo lilikuwa hili: Muzee alikuwa nyuma, kwenye usukani wa lori linalovutwa, na mama mkwe na mkwe hawaongei bila mtu wa katikati. Joto lilikuwa linayeyusha lami. Mwishowe chini ya kitenge ikatoka sauti, kavu na yenye heshima:

«Weye motokari. Ambia ule muntu anakuendesha, miye iko na kiu.»

Ndugu zangu, nimefanya kazi na watu wenye akili nyingi, lakini sijaona mwingine aliyetatua jambo gumu haraka namna ile. Nikajibu: «Motokari, ambia mama maji iko chini ya kiti yake.» Tangu hapo tukaongea mchana kutwa, yeye na lori, lori na mimi. Lori liliulizwa wazazi wangu ni nani. Lori lilijibu. Lori liliulizwa kama ninakunywa. Lori lilisema bia moja siku ya Jumapili, na injini, kwa bahati mbaya, ikakohoa wakati uleule.

«Motokari yenyewe inakataa,» alisema Mama Georgette.

Jioni ikikaribia, tembo wakatoka porini. Hawakuvuka. Walisimama katikati ya barabara, mama na watoto, na mkubwa mmoja akatugeukia akitanua masikio. Nimewaambia juu ya chuma: hatukuweza kurudi nyuma. Mkono wangu ulikwenda kwenye honi.

«Motokari, ambia huyo asipige kelele. Azime. Iko mama na batoto. Mama ya batoto usimuonyeshe haraka.»

Nikazima. Mikono, nakiri, ilitetemeka, lakini kwa sababu nyingine kabisa, na asante Mungu bado inashika kikombe bila kumwaga. Tembo mkubwa alikuja karibu hadi vumbi la miguu yake likapanda kwenye kioo. Mama Georgette alianza kutoa sauti ya chini kooni, ile wanayowatolea ng'ombe wakati wa kukamua. Sijui kama tembo alisikia. Mimi nilisikia, na moyo wangu ukatulia kama wa ndama. Walipoondoka nilikaa kidogo kabla ya kuwasha. Nilijua wakati ule kwamba hata kama mama huyu angenikataa mpaka kufa, ningempenda tu.

Zambezi tulivuka kwa kivuko. Sasa kuna daraja, ninyi mnapita mkitafuna chewing gum. Sisi tulilala foleni, tukaamka foleni, tukala foleni. Yaani mimi nilikula nyuma ya gurudumu ili nisionekane na mama, naye alikula mbele ili asionekane nami. Livingstone tulipata ambreyaji. Nilishinda chini ya lori la Muzee, na nilipotoka nimepakaa grisi hadi kwenye meno, nilitegemea kukuta mfuko wa mama umeshahamia kwake. Ulikuwa bado kwenye kabini yangu. Muzee alimuuliza. Akajibu: «Hii motokari nimeshaizoea. Inajibuka muzuri.» Nilikwenda nyuma ya karakana nikacheza peke yangu, mtu mzima, na spana mkononi.

Kutoka Livingstone hadi Lusaka, kutoka Lusaka hadi Mpika, sikuwahi kuendesha vizuri namna ile. Gia ziliingia kama kisu katika siagi. Nilijiona nimeshaoa. Mtu akijiona hivyo, vijana, apunguze mwendo.

Tulivuka mpaka, tukaingia Tunduma, na baada ya lugha zote zile tukasikia Kiswahili. Mama Georgette alifurahi hadi akakishusha kitenge mabegani. Tuliegesha mbele ya vibanda vya chakula. Kabla sijaweka kale, mama lishe mmoja mnene, mwenye upawa mkononi, akapaza sauti hadi soko zima likasikia:

«Jamani, mume wangu amefika! Mume wangu, leo nimekupikia wali samaki! Mbona ulinitupa?»

Sikuwa nimemwona mwanamke huyo maishani. Ninyi mliofika kule mnajua ni utani wa biashara, anawaita hivyo wote wenye njaa. Lakini kwetu Bunia, mwanamke akimwita mtu mume wake mbele ya watu, watu wanauliza watoto ni wangapi. Niligeuka. Mama Georgette alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu Johannesburg, na heri asingenitazama. Kisha akapandisha kitenge, akachukua mfuko wake, akatembea hadi lori la Muzee Ngabu.

Nilimwendea Muzee nikamsihi aeleze. Aliwasha injini na kusema: «Tuende, jua inaanguka.» Tanzania nzima nimeivuka nikiwa peke yangu ndani ya kabini. Nilijaribu kuzungumza na lori. Halikuwa na la kusema. Kichwani nilimwona Georgette amesimama mbele ya darasa lake akiwa hajui kwamba mambo yetu yameharibiwa na sahani ya wali ambayo hata sikuila. Nilikuwa na uchungu, nasema wazi, na nililia kidogo kati ya Iringa na Dodoma, mahali ambapo barabara imenyooka na mtu anaweza kulia bila kuhatarisha mzigo.

Uganda nayo ikapita. Tukafika Goli, tukavuka, tukaingia Mahagi, nyumbani. Na hapo, kama mnavyojua, barabara inahama: kwetu tunashika kuume. Lakini usukani wa malori yale ulikuwa kuume pia. Ukikaa upande ule nyuma ya gari lingine, unaona majani tu. Ukitaka kupita, lazima awepo mtu kwenye kiti cha kushoto akutazamie mbele, akuambie ingia au baki. Mtu huyo ndiye macho yako. Nimeona madereva hodari wakizikwa kwa sababu macho yao yalikuwa yamelala.

Muzee Ngabu alikuwa amepata fundi mmoja wa Bunia pale Mahagi, anayetafuta usafiri. Akampakia kwake, taratibu, bila kuuliza mtu. Halafu akamwambia Mama Georgette, nami nasikia: «Mama, miye niko na macho tayari. Bosco hana. Kama anaanguka, tutamuokota pa kurudi.»

Mama alitazama barabara. Akasema: «Mashini za watu ziko ndani ya motokari yake.» Akapanda kwangu. Hakunisalimia, hakulisalimia lori.

Kutoka Mahagi tulipanda na kushuka katika vumbi jekundu. Muzee alikuwa mbali mbele. Mbele yangu kulikuwa na lori la mbao, zito, likitembea mwendo wa bibi harusi na kunimwagia vumbi. Nilivumilia vilima viwili. Sikutaka kumwomba mama kitu. Mwishowe nikasema, macho chini: «Motokari, omba mama atuangalilie.» Nikaona kitenge kimesogea kidogo, nikafikiri ndiyo. Nikashusha gia, nikatoka kushoto nilipite.

«BOSCO, RUDIA!»

Nilirudi kabla sijaelewa. Miguu ilielewa kwanza. Basi dogo lililojaa watu, wengine juu ya mizigo, lilipita dirishani kwa mama karibu sana hadi kioo cha pembeni kikakunjwa na nguo ya mtu ikagusa mlango. Nilisikia mtoto akicheka huko juu, hajui kitu. Kisha kukawa tena vumbi na lile lori la mbao.

Nilisimama pembeni. Kitenge kilikuwa kimeanguka sakafuni. Mama Georgette alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, uso wazi, ananitazama. Alikuwa ametaja jina langu. Kwetu hilo si jambo dogo. Nikaona haya, nikatazama usukani, nikauliza kwa sauti ndogo:

«Motokari, huyu mama alisema na nani?»

«Motokari haina macho,» alisema. «Miye niko nayo. Endesha.»

Akavuta pumzi, akaongeza, akitazama mbele: «Na ule mama wa wali. Pale Singida mwingine aliita Muzee Ngabu bwana wake. Wa tatu aliniita miye muke mwenzake. Nikaona, ah, ni kazi yao.»

Singida! Alikuwa amejua tangu Singida, na aliniacha niive hadi Mahagi. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilicheka, naye akacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Tukaenda. Njia yote ya Djugu alinisemesha mimi mwenyewe, mdomo kwa sikio: «Ngoja.» «Ngoja, iko pikipiki.» «Sasa ingia. Ingia, ingia, ingia. Muzuri.» Nililipita lile lori la mbao, nikapita na mengine. Sijawahi kuwa na macho mazuri kuliko yale.

Tulifika Bunia mchana. Wazee wa familia walikuwa wameitwa, Georgette alikuwa amesimama mlangoni na chaki bado mikononi. Mama alikumbatiwa, akalia, akaonyeshwa nyumba yake iliyoezekwa upya, akaketi. Mimi nilibaki nje karibu na lori, nikijifanya natazama tairi. Mjomba mkubwa hakupenda kuzungusha maneno. Aliuliza mbele ya wote, kwa sauti ambayo mimi nje niliisikia:

«Huyu shofere amekuleta. Unasema nini juu yake?»

Mama Georgette alijibu akiwa amenipa mgongo, kama desturi inavyotaka, lakini aliinua sauti ili ivuke ua.

«Huyu mutoto, akikuwa peke yake, hawezi kupita hata lori ya mbao. Anahitaji muntu ya kumuangalilia mbele. Miye nimezeeka. Mumupatie Georgette.»